Wanafunzi wamefagia soko mara mbili. Sasa nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya kutwa, Kaunti ya Nakuru. Mwaka huu nimekabidhiwa pia Mafunzo ya Huduma kwa Jamii, hii CSL, kwa Gredi ya 10. Nina wanafunzi 48. Muhula uliopita tulifagia soko la hapa kwetu mara mbili. Wazazi wawili wakaja kwa mwalimu mkuu kulalamika kwamba watoto wao wamegeuzwa vibarua, na mmoja akauliza, "Kwani kosa lao ni nini?" Sikupata mafunzo ya kutosha kuhusu somo hili. Je, nilikosea? Na nitatoa alama kwa kitu gani hasa?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole na kazi, na asante kwa kuuliza waziwazi jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona tu kwenye chumba cha walimu.

Naanza na mzazi wako, maana swali lake limebeba mengi kuliko hasira. Fikiria amesoma shule za namna gani. Alifyeka nyasi alipochelewa. Alipiga deki bwenini alipopiga kelele. Aling'oa kisiki aliposhindwa kumaliza zoezi la Hisabati. Kazi ya mikono kwake ilikuwa fimbo ya aina nyingine. Juu ya hayo, tangu ile sheria ya mwaka 1998, mahakama zetu humpa mtu wa kosa dogo kifungo cha nje, na jina rasmi la adhabu hiyo ni lile lile: huduma kwa jamii. Mzazi amewaona watu hao wakifagia uwanja wa ofisi ya chifu. Sasa anapita sokoni asubuhi, anamkuta bintiye amevaa sare, ameinama na ufagio, na mwalimu kasimama kando na orodha ya majina. Mimi pia ningeuliza kosa lake ni nini.

Ndugu zetu wa Tanzania waliipita njia hii kabla yetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Ukiusoma leo utaona kwamba hakutaka jembe tu. Alitaka mwanafunzi alime huku akijua kwa nini mbolea hii na si ile, na ashiriki kuamua shamba liendeshwe vipi na kilichovunwa kitumikeje. Kwenye shule nyingi kilichosalia ni jembe. Shamba lililimwa, jiko la shule likapata mahindi, maswali yakaachwa. Naliheshimu sana wazo lile, na ndiyo maana naogopa CSL yetu isije ikazikwa kaburi hilo hilo. Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, somo hili liliwekwa kati ya manne ya lazima, sambamba na Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, na Hisabati. Somo lililopewa kiti cha mbele namna hiyo lisiishie kwenye ufagio.

Kwa hiyo, hukukosea kwenda sokoni. Ulikwenda bila swali na mkarudi bila mazungumzo, na hapo ndipo somo lilipoponyoka. Wenzetu wa mbali pia wamejikwaa hapo. Jimbo la Maryland, Marekani, liliamua mwaka 1992 kwamba mwanafunzi wa shule ya umma hamalizi sekondari kabla ya kutimiza saa 75 za huduma. Ontario, Kanada, nako wanadai saa 40. Shida ya saa ni kwamba zinahesabika kirahisi mno. Kijana anaweza kutimiza saa zote akipanga viti ukumbini bila kujua mkutano ulikuwa wa nini. Maryland wenyewe huagiza kwamba kila huduma iwe na maandalizi kabla ya tendo na tafakuri baada yake. Tendo lako lilikuwepo. Vipande viwili vya pembeni ndivyo vilivyokosekana.

Rudi sokoni basi, ila siku hiyo usibebe ufagio hata mmoja. Wagawe wanafunzi wanne wanne, kila kundi na daftari moja, wakakae na mchuuzi mmoja kwa nusu saa, alfajiri mzigo unaposhuka au jioni anapofunga. Wamwombe ruhusa kwanza, na mteja akija wanyamaze wampishe. Wawe na maswali matatu tu: taka hizi zinatoka wapi, zinakwenda wapi, na ni nani aliyewahi kujaribu kuziondoa akashindwa? Hilo la tatu usiliache. Linawakumbusha vijana kwamba watu wa pale wamekuwa wakifikiri kabla wao hawajafika.

Nilifanya hivi na darasa moja miaka michache iliyopita, katika mji mwingine. Vijana walikwenda wakiamini kwamba wachuuzi ni wachafu. Mama mmoja wa sukuma wiki akawaambia wasimame nyuma ya meza yake watazame. Saa kumi na moja alfajiri gunia linafunguliwa, anang'oa majani ya manjano moja moja, lundo linajaa miguuni. Jaa liko ng'ambo ya barabara ya lami. Mtoto yuko mgongoni. Akivuka, hana wa kumwachia meza. Kwa hiyo majani yanabaki chini ya meza kusubiri trekta ya kaunti, nayo huja siku ya tatu baada ya siku ya soko. "Mnadhani mimi napenda kukaa kwenye uvundo?" aliwauliza. Msichana mmoja, mpole, ambaye hakuwa amesema neno asubuhi nzima, alishika njia mpaka jaani na kurudi. Daftarini aliandika: "Ni hatua 140 na barabara moja. Nimehesabu."

Zile hatua 140 ziligeuza kila kitu. Darasa liliacha kuzungumzia tabia za watu, likaanza kuzungumzia mahali jaa lilipo. Walichora ramani, wakaipeleka kwa kamati ya soko, wakaomba mapipa mawili upande wa huku na trekta ije jioni ya siku ya soko. Mapipa yalipatikana. Trekta haikubadilishiwa siku. Wanafunzi wakaandika barua ya pili, kisha ya tatu, na nakwambia kweli, katika barua zile walijifunza jinsi serikali ya kaunti inavyofanya kazi kuliko katika sura nzima ya kitabu. Majani yakawa yanachukuliwa na mzee mmoja mwenye mbuzi, jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Lilizuka tu kwenye mazungumzo.

Wengine wataona huku ni kuzungukazunguka, na kwamba ni afadhali kupanda miti tukamaliza. Miti mizuri, lakini mtazame aliyetufundisha kuipanda. Mwaka 1977 Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, alianza kwa kuwasikiliza wanawake wa vijijini, na walichomweleza ni kukosa kuni, maji safi na chakula chenye lishe. Mti ulikuja kama jibu la maneno yao. Baadaye wanawake wale walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioota na kushika. Mche uliochomekwa ardhini ukafa haukuhesabiwa. Shule ngapi zimepanda miche 200 kwa siku moja mbele ya kamera, na miezi miwili baadaye, jua la Januari likiwaka, hakuna aliyekumbuka kubeba debe la maji?

Sasa nije kwenye somo lako. Wewe ni mwalimu wa Kemia, na uko Nakuru. Nilipoisoma barua yako hilo ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie kwa urefu, maana una mradi chini ya miguu yako ambao mwalimu wa Mombasa au Kakamega hana.

Waangalie wanafunzi wako wanapocheka. Nina hakika kuna wachache wanaofunika mdomo kwa mkono au kwa mkono wa sweta. Meno yao yana rangi ya kahawia, mengine yamemomonyoka. Wamezoea kuambiwa hawapigi mswaki, au kwamba ni meno ya ukoo. Wewe unajua ni floridi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floridi kwenye maji ya chini ya ardhi, na visima vingi virefu vya eneo lenu hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa cha juu kabisa. Meno huharibika utotoni, kabla ya miaka minane hivi, yanapokuwa yanajengeka ndani ya ufizi. Anayeendelea kunywa floridi nyingi kwa miaka mingi huharibika hata mifupa. Na sehemu ya kikatili ni hii: huioni, huisikii harufu, na ukiyachemsha maji unaizidisha, kwa sababu maji yanapungua nayo inabaki. Mama anayemchemshia mtoto maji kwa uangalifu kila siku anadhani amemkinga.

Mradi wa muhula mzima uko hapo, na Kemia yake ni ya kweli. Anza kwa ramani ya maji: kila mwanafunzi aeleze kwao wanachota wapi, kisima kirefu, mto, mvua, maji ya bomba au ya mkokoteni wa punda. Msikimbilie kupima, maana vifaa vya maabara ya shule havitawapa kipimo cha floridi cha kuaminika. Nendeni kwa wasimamizi wa visima. Kisima kilichochimbwa kwa kibali mara nyingi kina ripoti ya uchunguzi wa maji iliyotolewa siku za uchimbaji, nayo imelala kwenye faili ya kamati, imekunjwa mara nne, hakuna aliyewahi kuisoma mstari kwa mstari. Wanafunzi wako wataisoma. Nilimwona kijana mmoja akishuka na kidole chake kwenye safu ya tarakimu mpaka penye floridi, akanyamaza, kisha akamwambia rafiki yake, "Haya ndiyo maji ya kwetu." Kama ripoti haipo, ofisi ya maji ya kaunti itawaelekeza maabara ya kupeleka sampuli. Sampuli mbili zilizochaguliwa kwa makini zinatosha kuanzia.

Halafu waingie jikoni, kwa adabu na kwa ruhusa ya wenyewe. Waulize kuhusu magadi. Yale magadi tunayotia kwenye githeri na mboga ili viive haraka yana floridi pia, na wengi hawajui.

Sasa Hisabati, na hapa nakusihi usiharakishe, maana hapa ndipo vijana hupata kitu cha kumpelekea mtu mkononi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati ya mita 5 kwa 6 ina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20, mvua moja nzuri ya Aprili, inaangusha lita 600. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya maji ya mwanzo yanayoosha vumbi la paa na yale yanayoruka nje, unabaki na lita 480. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Familia ya watu sita haiwezi kuishi kwa maji hayo, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Lakini mwambie mwanafunzi ahesabu kwa mtoto mmoja tu, aliye chini ya miaka minane, anayehitaji lita tatu kwa siku za kunywa na za uji. Lita 480 zinamtosha siku 160. Tatizo linahama kutoka mawinguni linakuja kwenye chombo: nyumba ina pipa la lita 200? Hata hilo pekee ni siku 66. Pipa la mtoto, lenye kifuniko, halichotwi kwa kufua wala kwa mifugo, na maji yake yanachemshwa kwa ajili ya vijidudu. Huo ni ujumbe ambao mwanafunzi wa Gredi ya 10 anaweza kuupeleka kwa mama jirani, akaueleza mwenyewe bila kusoma karatasi, na mama akaufanya wiki hiyo hiyo.

Wakitaka kwenda mbali zaidi, kuna mifupa. Hapo hapo Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki kwa miaka imetengeneza vichujio kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Madini ya fosfeti ya kalsiamu yaliyomo mfupani huikamata floridi maji yanapopita. Waelezee wanafunzi kwa nini mfupa unaweza kuifanya kazi hiyo, na kwamba kwa sababu ile ile floridi ya maji hukimbilia meno na mifupa yetu. Lakini wasijichomee mifupa shuleni na kuwapa watu vichujio. Moto usipotosha, maji yananuka, na kichujio kikishajaa huacha kufanya kazi bila mtu kujua. Kazi hiyo waachieni wenye vipimo.

Jambo moja nakuomba ulitangulize kabla ya hayo yote. Zungumza kando na wale wanaofunika midomo. Usiwafanye mfano mbele ya darasa, hata kwa nia njema. Katika darasa la yule kijana aliyesoma ripoti ya kisima, msichana mmoja mwenye meno ya namna hiyo ndiye aliyeomba mwenyewe kumhoji bibi mmoja penye mfereji. Bibi alimtazama, akatabasamu, na meno yake yakawa ya rangi ile ile. Wakakaa muda mrefu. Sikuuliza walizungumza nini. Msichana yule alipotoa ripoti wiki iliyofuata, mkono wake ulikuwa umeshika karatasi.

Kuhusu alama, nitakuwa mfupi kuliko unavyotarajia. Usitoe alama kwa jasho. Mwanafunzi mwenye pumu hatafagia kama mwenzake, na hilo halimpunguzii ujuzi. Toa alama kwa fikra iliyoandikwa, na kwa hilo kila mwanafunzi awe na shajara. Soma hizi mbili uone. Wa kwanza: "Leo tulifagia soko. Tulifurahia sana. Nilijifunza kwamba usafi ni muhimu." Wa pili: "Nilidhani wanatupa taka kwa uvivu. Leo nimeona trekta haikuja tangu Jumatano. Bado sijui kwa nini mama wa samaki hana taka ilhali mama wa kabeji anazo nyingi. Kesho nitauliza." Wa pili ameandika alichokidhani, alichokiona, na asichokijua bado. Hayo matatu ndiyo vigezo vyangu, na nimeyatumia miaka mingi bila kuyaongezea. Wanafunzi wote huanza kama wa kwanza, kwa hiyo usiwalaumu. Andika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Muhimu kwa nani? Umeona nini?" Baada ya majuma matatu utaona tofauti. Lugha nayo isiwe kizuizi. Mtoto anayefikiri vizuri kwa Kiswahili aandike kwa Kiswahili.

Yale ya kiofisi hayana mjadala mrefu. Usiwachangishe wazazi hata shilingi. Wazazi wa mtaala huu wamenunua manila na gundi za kutosha tangu Gredi ya 1. Mradi usiowezekana bila mchango, punguza ukubwa wake. Chifu, mzee wa mtaa na afisa wa afya ya umma wapewe taarifa mapema, na mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa eneo, maana yeye anaijua kila nyumba na kila mlango. Mwanafunzi asiende nyumba ya mtu peke yake, awe msichana au mvulana. Picha za watoto na za wenyeji zisirushwe mitandaoni bila idhini ya mzazi au mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu watu hawa kama inavyowahusu wenye benki. Na kama mwalimu mkuu anataka picha ya wanafunzi wakikabidhi unga kwa wazee waliopangwa mstari, mweleze kwa upole kwamba mtihani wa somo hili ni kama mzee yule angependa wajukuu zake waione picha hiyo.

Kwa kila kundi, mradi mmoja kwa muhula mzima unatosha. Wanafunzi 48 ni makundi 12. Wape nusu soko na nusu maji, na kila wiki mbili kundi moja la huku lisimulie wenzake wa kule. Mwishoni msifanye sherehe shuleni. Pelekeni majibu kule kule yalikotoka, kwenye kamati ya soko na kwenye kisima, na wenyeji wayasahihishe, maana kuna mahali wanafunzi watakuwa wamekosea.

Na yule mzazi aliyeuliza kosa lao ni nini, mwalike kwenye kikao cha kwanza cha ramani ya maji. Usianze kwa kujitetea. Mpe kiti, umwonyeshe ramani ambayo bado ni tupu, na umuulize yeye anachota maji wapi.